Badacsony, Kilima cha Moto Uliozimika

Treni inayotoka Budapest kuelekea magharibi huambaa na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Balaton kwa muda mrefu kabla kilima chenyewe hakijajitokeza. Kushoto ni maji, rangi yake kama majani mabichi yaliyotiwa maziwa, kisha matete, kisha vigati vya mbao ambapo wavuvi wa ndoana wamekaa kimya. Halafu kulia kinatokea kilima kilichosimama peke yake, juu bapa, ubavuni mteremko, kama sufuria lililofudikizwa kichanjani likauke. Hicho ndicho Badacsony. Kimo chake ni mita 437 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea kuitazama Meru au Uluguru anaweza kukipita bila kugeuza shingo. Asifanye hivyo.

Mimi nimekulia Dodoma, ambako zabibu ni kilimo cha jembe kama mtama na alizeti. Naijua harufu ya mchuzi wa zabibu unapochacha kwenye matangi, na namjua mkulima anayesimama ukingoni mwa shamba lake akihesabu siku zilizobaki kabla ya mvua. Ndiyo maana, nilipopata safari ya Hungaria, sikutaka kurudi bila kukiona kilima ambacho mizabibu yake imeota juu ya volkano. Nilishuka kituoni asubuhi, jua likiwa bado upande wa ziwa, nikaanza kupanda kwa miguu katikati ya mashamba.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni ukuta wa mawe. Wakulima wa Badacsony hujenga kingo za mashamba kwa mawe yaliyoporomoka kutoka juu, meusi na mazito. Nililigusa jiwe moja lililokuwa juani. Lilikuwa na joto, ilhali hewa ilikuwa ya baridi kiasi cha kuvaa sweta. Mzee aliyekuwa akifunga matawi ya mzabibu upande wa pili aliniona nikilipapasa, akatikisa kichwa kwa kukubali na kunionyesha kwa mkono: juu jua, chini ziwa, katikati jiwe. Sikuhitaji mkalimani. Jua huupiga mteremko moja kwa moja, maji ya ziwa huurudisha mwanga, na jiwe jeusi hulihifadhi joto mpaka usiku. Wenyeji wana msemo kwamba mvinyo mzuri ni wa mzabibu unaoweza kujiona kwenye maji ya Balaton.

Ziwa hilo, pamoja na ukubwa wake wote wa kilomita zipatazo 77 kwa urefu, ni mtoto mbele ya kilima. Umri wake ni maelfu ya miaka tu. Kilima kina zaidi ya miaka milioni tatu. Kabla yake, eneo lote hili lilikuwa chini ya maji ya ziwa kubwa la kale, ambalo wanajiolojia huliita Ziwa la Pannonia, na lilipokauka liliacha mchanga na udongo wa mfinyanzi tabaka juu ya tabaka. Moto wa chini ulipopanda ukakutana na maji yaliyokuwa ardhini, na hapo ikawa milipuko. Mashimo yaliyobaki yakajaa uji wa mawe, kama bakuli linavyojazwa, nao ukapoa polepole ukawa basalti.

Kisha ikaja zamu ya upepo na mvua. Mchanga ulio wazi ulipeperushwa na kusombwa, zaidi ya mita mia moja kwenda chini, hasa katika zama za barafu pepo kali zilipovuma bila msitu wa kuzizuia. Ila pale basalti ilipokuwa imekaa kama kifuniko, udongo uliokuwa chini yake ulisalimika. Bakuli likageuka kuwa kilima. Wahungaria wana neno moja kwa vilima vya namna hii, na maana yake ni vilima mashahidi, kwa kuwa vimebaki kushuhudia ardhi ya zamani ilifika wapi. Sijapata kusikia jina la kijiolojia lililonigusa zaidi ya hilo.

Ukifika kwenye shingo ya kilima unakutana na nguzo. Basalti inapopoa hunywea, na inaponywea hupasuka kwa mpangilio, kama tope la lambo wakati wa kiangazi. Mtoto yeyote wa Dodoma ameona vigae vile vya tope vyenye pembe tano au sita. Hapa nyufa zile zile zimeendelea kushuka ndani ya jiwe, zikaacha nguzo ndefu zilizosimama bega kwa bega. Sehemu moja, panapoitwa Lango la Mawe, nguzo mbili kubwa zimeachana na ukuta na njia inapita katikati yake. Nilisimama pale muda mrefu. Kulikuwa na ukimya, na vipande vya mawe vilivyomeguka vikiwa vimelala chini kama kuni zilizochanjwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu na Wahungaria kuhusu volkano. Mapema mwaka 1887, mkabaila wa Kihungaria aitwaye Sámuel Teleki aliondoka Pangani akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi, na pamoja naye alikuwapo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara kuliko ramani yoyote ya wakati ule. Machi 1888 walilifikia ziwa ambalo leo ni Turkana. Teleki alilipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, kana kwamba waliokuwa wakiishi ufukoni hawakuwa na jina lao. Kusini mwa ziwa hilo msafara ulikuta volkano inayofuka moshi, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Teleki. Kwa hiyo Mhungaria alikuja kwetu akaona moto ulio hai, mimi nikaenda kwao kuona uliozimika. Tofauti ni kwamba katika safari yangu hakuna mpagazi aliyezikwa njiani.

Mzabibu uliingia katika historia ya Badacsony pamoja na Warumi, waliouita mkoa huu Pannonia. Visu vyao vya kupogolea mizabibu vimefukuliwa katika nchi inayolizunguka ziwa. Lakini Rumi yenyewe haikuwa na neno moja juu ya mvinyo wa mikoani. Mwaka 92 Kaisari Domitian aliamuru nusu ya mizabibu ya mikoani ing'olewe. Mashamba ya nafaka yalikuwa yamepungua, na wakulima wa Italia hawakuchukizwa kupunguziwa washindani. Amri hiyo haikutekelezwa sawasawa. Hata hivyo, karibu miaka mia mbili baadaye bado alihitajika mtawala wa kuifungua njia rasmi. Huyo alikuwa Probus, aliyetawala kuanzia mwaka 276 hadi 282, mzaliwa wa Sirmium, huko huko Pannonia. Aliruhusu mikoa ipande mizabibu na aliwatumia askari wake kulima. Waandishi wa kale wanasema askari walichoka kuchimba mitaro ya kukausha mabwawa karibu na Sirmium, wakamgeukia na kumuua. Ni kifo kibaya kwa mtu aliyeacha neema ya namna hii, na ninaamini wakulima wa Badacsony wana deni kwake kuliko kwa wafalme wengi waliomfuata.

Dola zilipita. Wahungaria wenyewe waliingia nchini mwishoni mwa karne ya 9, na kanisa lilipostawi, mizabibu ikawa pia kazi ya watawa. Baada ya Waturuki wa Dola ya Osmani kuuchukua mji wa Buda mwaka 1541, ziwa likawa mpaka wa vita. Kutoka juu ya Badacsony unauona mpaka huo kwa macho. Upande wa magharibi, juu ya kilima kidogo, yamesimama magofu ya ngome ya Szigliget, ambayo Waturuki hawakuwahi kuiteka. Kaskazini kuna Csobánc, kilima kingine chenye ngome iliyobomoka. Katikati yake ni bonde la Tapolca, na vilima mashahidi vimetawanyika humo kama mafiga yaliyoachwa na wapishi waliohama: Szent György, Gulács, Tóti. Kusini ni maji matupu mpaka ng'ambo. Watu hupanda kilima hiki kwa ajili ya mandhari hayo, na wana haki. Kuna ngazi ya mawe yenye vidato zaidi ya mia nne inayopanda msituni, na kileleni kuna mnara wa mbao wa kutazamia. Mnara huo una jina la Kisfaludy.

Hapo ndipo historia ya Badacsony inapoacha kuwa ya majeshi na kuwa ya nyumba moja.

Sándor Kisfaludy alizaliwa Sümeg, si mbali na hapa, mwaka 1772. Alikuwa mtoto wa ukoo wenye ardhi, akaingia jeshini, akapelekwa Vienna katika kikosi cha walinzi wa kifalme. Inasimuliwa kwamba alimwona Róza Szegedy mara ya kwanza katika mavuno ya zabibu ya Badacsony mwaka 1795. Mavuno wakati ule yalikuwa sherehe ya majuma. Familia zilizokuwa na mashamba kilimani zilihamia huko, na vijana wao walikutana. Mwaka uliofuata Kisfaludy alikuwa Italia, na ngome ya Milan ilipojisalimisha kwa majeshi ya Napoleon, akawa mateka. Alipelekwa Draguignan, kusini mwa Ufaransa. Kifungo chenyewe hakikuwa kigumu. Alisoma, alimsoma hasa mshairi Petrarch wa Italia aliyemwimbia Laura, alifahamiana na mwanamke wa Kifaransa, na akaanza kutunga.

Alirudi, akapigana tena, akaacha jeshi mwaka 1799, na mwanzoni mwa 1800 akamwoa Róza. Mwaka 1801 kilitoka kitabu chake cha mapenzi ya kulalamika, nacho kikasomwa nchi nzima, wakati ambapo Wahungaria wengi wenye elimu walikuwa wakisoma Kijerumani au Kilatini. Mwaka 1807 kikafuata cha mapenzi yenye furaha. Ubeti alioutumia una mistari kumi na miwili, yenye mizani nane na saba. Msomaji aliyelelewa katika mashairi ya Kiswahili atajisikia nyumbani humo: naye huyu alihesabu silabi, na alitaka shairi liimbike.

Ninamheshimu mshairi. Lakini nilipoingia nyumba ya Róza, iliyoko mteremkoni katikati ya mashamba, nilianza kuona kwamba historia imegawa sifa vibaya. Ni nyumba ya mawe yenye kuta nene, na leo ni makumbusho. Róza alilirithi shamba la Badacsony, naye ndiye aliyelisimamia. Mume aliandika, alisafiri, alishika vyeo vya vita wakati wa Napoleon, na mwaka 1831 alisaidia kuanzisha jumba la maigizo huko Balatonfüred. Mke alipogoa, alivuna, alikamua, aliuza. Alisifika kwa mvinyo wake uliotiwa mitishamba, ile divai chungu ya pakanga iliyokuwa ikitafutwa hata mbali na Balaton. Mtu aliyekamua zabibu anajua kazi hiyo inataka nini: kuamka kabla ya jua, kuonja mara kwa mara, kukataa matunda yaliyooza hata kama mavuno ni haba, kuosha mapipa mpaka vidole vichubuke. Mashairi mia moja hayaoshi pipa.

Róza alifariki mwaka 1832. Hawakujaliwa mtoto. Kisfaludy aliishi miaka 12 zaidi. Juu kidogo ya mashamba kuna jiwe bapa la basalti linaloitwa Jiwe la Róza, na watu husema kwamba mwanamume na mwanamke wakilikalia wakilipa ziwa kisogo na kuwaziana, wataoana kabla ya mwaka kwisha. Siku niliyopita, wazee wawili, mke na mume, walikuwa wamekaa pale wakila mikate waliyoileta kwenye kitambaa. Walinisogezea kipande.

Kilichokuja baada ya enzi ya Róza ni msiba ambao kila mkulima wa zabibu angepaswa kuujua. Kidukari mdogo kutoka Amerika ya Kaskazini, aitwaye filoksera, alivuka bahari pamoja na miche ya biashara. Mzabibu wa Marekani ulikuwa umezoeana naye kwa maelfu ya miaka. Wa Ulaya haukuwa na kinga. Kidukari huyo hunyonya mizizi, majeraha yanaoza, na shamba lililokuwa la kijani linanyauka tangu katikati kwenda nje, kama kitambaa kinachoungua. Baada ya kuiharibu Ufaransa alionekana Hungaria mwaka 1875, na mashamba ya Balaton hayakupona. Familia zilizoishi kwa mvinyo kwa vizazi ziliuza ardhi kwa bei ya kutupa.

Dawa iliyopatikana ni ya ajabu kwa urahisi wake: kupandikiza kitawi cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ili adui akute mizizi asiyoiweza. Badacsony ikapandwa upya. Ila aliyepanda upya alikuwa na deni, na mwenye deni huchagua mmea wenye uhakika. Aina inayoitwa Olaszrizling, inayozaa vizuri na haisumbui, ikaenea. Aina ya kale ya kilima, Kéknyelű, karibu ipotee.

Jina Kéknyelű maana yake ni yenye kikonyo cha samawati. Nililiona jani lake kwa karibu: kikonyo kinacholishika kina rangi ya bluu iliyofifia, kama wino uliomwagikiwa na maji. Maua yake ni ya kike tu. Haujichavushi, lazima upandiwe mwenzake pembeni, na kwa desturi mwenzake huyo ni aina iitwayo Budai Zöld, safu kwa safu. Mvua ikinyesha wakati wa maua, mavuno hakuna. Hata katika mwaka mwema huzaa kidogo. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni ile ile Picolit ya Italia, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba ni mmea wa peke yake. Kituo cha utafiti wa mizabibu kilichopo Badacsony kimesaidia kuuokoa, pamoja na wakulima wachache waliokataa kuung'oa. Mimi nawaweka watu hao katika daraja moja na Probus.

Wakati mizabibu ikijaribu kurudi, jiwe lenyewe lilipata wateja. Mwaka 1903 kulifunguliwa machimbo ya basalti kilimani, na mwaka 1909 reli ya ufuko wa kaskazini ikafika. Basalti ni ngumu, haichakai. Barabara zilizihitaji kokoto zake, na wanakijiji walihitaji mshahara wa kila juma, kwa kuwa zabibu hulipa mara moja kwa mwaka. Dodoma tunavuna mara mbili, na hata hivyo najua miezi ya njaa inavyokuwa. Siwezi kumlaumu mtu aliyeshika nyundo. Lakini nguzo zilizochukua mamilioni ya miaka zilianguka kwa baruti kwa dakika. Kilima jirani cha Haláp kilikatwa kilele chake. Hegyestű, mashariki zaidi, kilibakizwa nusu, kama embe lililong'atwa upande mmoja, na leo wageni hupelekwa kutazama nguzo zilizoachwa wazi pale jiwe lilipokatwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali ya kikomunisti, na Badacsony ikawa na shamba la serikali lililotaka wingi kwanza. Machimbo ya kilimani yalifungwa katika miaka ya 1960, baada ya miongo ya watu kulalamika kwamba kilima kinaliwa. Ukomunisti ulipoanguka, vipande vya ardhi vilirudi mikononi mwa familia, na mwaka 1997 ikaanzishwa hifadhi ya taifa ya nyanda za juu za Balaton, inayokijumuisha kilima hiki.

Nilishuka jioni. Yule mzee wa asubuhi alikuwa amemaliza safu tatu. Alinipa zabibu chache kwenye kiganja. Nilizila nikitembea, na mbegu nikazitia mfukoni kwa mazoea ya nyumbani. Nyuma yangu ukuta wa machimbo ya zamani ulikuwa umeshika jua la mwisho, mwekundu na mkavu, bila mti.

Ukijaliwa kufika Badacsony, usikimbilie mnara. Shuka kituoni, panda taratibu kupitia mashambani, uliza ni wapi panapooteshwa Kéknyelű ukiangalie kile kikonyo cha samawati. Kama hunywi mvinyo, kula zabibu zenyewe. Mavuno ni Septemba na Oktoba. Ingia kwanza nyumba ya Róza. Kileleni utamkuta mumewe.